Harufu ya Koti la Martini

Mvua ilipokatika, mtaa mzima ulinukia maua ya Antonia, na asiyesikia harufu hiyo alikuwa Antonia mwenyewe.

Ilikuwa imenyesha kama iliyotumwa. Vuli ya mwaka huo ilianza kwa kusuasua, watu wa Ganako wakapanda maharage kwa mashaka huku wakitupia macho upande wa msitu wa Ngorongoro, kisha mchana mmoja mawingu yakashuka kutoka ukingo wa kreta na kukataa kuondoka. Barabara ya kwenda Karatu mjini ikawa tope jekundu la kumeza ndala. Kuku walishinda jikoni. Bati la nyumba lilipiga kelele usiku na mchana, hata Antonia akazoea kuongea peke yake kwa sauti ya juu, kana kwamba anabishana na mtu aliye chumba cha pili. Halafu Ijumaa moja akaamka akakuta kimya. Alipofungua mlango wa nyuma, bustani ilikuwa imeshafanya mambo yake bila kumsubiri.

Mikahawa ilikuwa imechanua yote kwa mpigo, matawi yamekuwa meupe toka shina hadi ncha kama yaliyomwagiwa unga wa sembe. Yasmini ya dirishani ilikuwa imefunika kioo. Waridi nazo zilikuwa zimeinama kwa uzito wa maji, na nyuki walikuwa wanapishana juu yake kama watu wa mnadani. Antonia alisimama kizingitini na kanga yake begani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Hewa ilikuwa ya baridi na safi, basi. Ilikuwa kama kunywa maji.

"Mama Penina, leo umetumaliza," jirani yake Inosenti alipaza sauti kutoka barabarani, akiwa anaswaga ndama wake. "Harufu imenipokea tangu kule darajani. Mke wangu atadhani natoka kwa mchepuko."

"Ingia uchume yasmini umpelekee, atakusamehe," Antonia alimjibu, na wote wawili wakacheka. Inosenti alipopotelea kwenye kona, kicheko cha Antonia kikakauka mdomoni.

Mambo haya yalianza miezi ya baridi, ule ukungu wa Julai ulipokaa Karatu na kila mtu akawa na mafua. Mafua ya wengine yaliondoka. Ya Antonia nayo yaliondoka, ila yaliondoka na pua. Mwanzoni hakujali, alijua itarudi, kama vile sauti inavyorudi baada ya kukauka. Agosti akaunguza makande. Alikuwa nje anapalilia, sufuria ikakauka, maharage yakageuka mkaa, na moshi ukaanza kutoka dirishani huku yeye akiwa na jembe lake hana hili wala lile. Inosenti ndiye aliyesikia harufu akiwa shambani kwake, akaruka uzio na kuitoa sufuria. Na kwa kuwa Inosenti ni mtu mwema asiyejua kunyamaza, jioni hiyohiyo akampigia simu Penina, bintiye Antonia, aliyekuwa Arusha.

"Mama, ulisinzia?" Penina aliuliza.

"Nilisinzia mwanangu," Antonia alidanganya.

"Likitokea lingine kama hili, nakuja kukuchukua. Sitaki ubishi. Hiyo nyumba tutaifunga."

Tangu siku hiyo siri ikawa siri kwelikweli. Antonia alipiga hesabu zake za kizee: bibi anayesinzia husamehewa, lakini bibi asiyesikia harufu ya moto haachwi peke yake na jiko la kuni. Nyumba ya Penina kule Arusha aliijua. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye marumaru sakafuni na ukuta mrefu, na mezani sebuleni palikuwa na chupa yenye maua ya plastiki ambayo dada wa kazi aliyapangusa vumbi kila Jumamosi. Antonia alikuwa amekaa humo mwezi mmoja baada ya mazishi ya mumewe, na kila asubuhi alikuwa akitoka nje akitafuta mahali pa kuinama. Hakupaona. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiinama juu ya udongo, ukimnyoosha unamvunja.

Na bustani ile haikuwa bustani ya kuachiwa kufuli. Kila mche uliokuwa humo ulishuka kutoka ukingoni mwa kreta ndani ya mfuko wa koti.

Martini, mumewe, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya watalii huko juu, mpaka alipostaafu. Kule ni baridi ya kukata masikio, kwa hiyo walimpa koti zito la kijani lenye mifuko mikubwa, na Martini akaipenda mifuko kuliko koti lenyewe. Alipopogoa waridi, vile vijiti vilivyokuwa vya kutupwa alivifunga kwenye gazeti bichi na kuvitia mfukoni. Gari la wafanyakazi liliwashusha Karatu mjini kila Ijumaa giza likiwa limeshaingia, naye akakata kwa miguu mashambani, akaingia kwa mlango wa nyuma wa uzio. Kabla hajauliza chakula, kabla hata hajakaa, alitoa kile kigazeti mfukoni na kukiweka juu ya meza kama mtu aliyeleta nyama. "Antonia, leo nimekuletea mgeni," alikuwa akisema. Antonia, aliyekuwa ameolewa kutoka Endabash na kulelewa kujua kwamba mmea usioliwa ni magugu, alimwona mwendawazimu. Mwaka wa tatu akaanza kuwaamkia wale wageni asubuhi akifikiri hakuna anayemsikia.

Mmoja wao alikuwa kichaka kirefu chenye vijiua vyembamba vya rangi ya maji ya ndimu. Mchana ukikitazama unasema hiki ni kichaka tu, mbuzi wakile. Hakina harufu hata kidogo. Lakini jua likizama, giza likianza kuingia, vile vijiua hufunguka na harufu inamwagika mpaka kwa majirani. Martini alikipanda kwenye mlango wa nyuma wa uzio, hapohapo anapoingilia, akakiita Mchelewaji. "Tumefanana," alisema. "Sisi wote tunafika giza likiingia." Penina alipokuwa mtoto alikuwa akiuliza kila jioni kama Mchelewaji ameshaamka, na Antonia alimfundisha kusubiri: "Mchana usimsumbue, hana la kukuambia."

Sasa Martini hayupo, mwaka wa pili huu. Siku ya kuondoa matanga nguo zake ziligawiwa ndugu kama desturi, suruali kwa huyu, viatu kwa yule, lakini koti la kijani halikugawiwa. Penina alilikumbatia mbele ya wazee bila aibu. "Hili libaki hapa kwa mama," alisema. "Na lisifuliwe. Hata likiwa na vumbi, mama, usilifue." Likakaa ndani ya sanduku la bati uvunguni mwa kitanda. Kila alipokuja, Penina aliingia chumbani hata kabla ya kunywa maji, akafungua sanduku, akatia uso ndani ya lile koti, akatoka na macho mekundu na moyo mwepesi.

Antonia naye alikuwa akilifungua. Alikuwa akilifungua mara nyingi kuliko ambavyo angekubali kusema. Lakini tangu Julai, alipotia uso ndani ya koti alikuta kitambaa tu. Hapo ndipo alipojidanganya, na uongo wa kujidanganya ndio unaokaa kuliko wote. Hakusema, "Pua yangu imekufa." Alisema, "Koti limeisha harufu." Alimwona Martini kuwa ndiye aliyeondoka mara ya pili, polepole, bila kuaga, na akamlaumu kidogo.

Ijumaa ile ya kimya, baada ya Inosenti kupita, Antonia aliingia chumbani akakuta bati limevuja pembeni na maji yametiririka hadi uvunguni. Sanduku lilikuwa na kutu kwenye bawaba na maji yalikuwa yameingia. Bega moja la koti lilikuwa limelowa chepechepe, na kwenye kola ulikuwa umeota ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya. Antonia alilitazama. Kesho yake Penina alikuwa anakuja. Ilikuwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na Jumapili kulikuwa na misa ya kumkumbuka Martini. Je, mtoto afungue sanduku akute baba yake ameota ukungu? Koti lenyewe si limeshaisha harufu? Akachukua beseni, akamwaga sabuni ya unga, akajikaza, akalitumbukiza.

Alikuwa katikati ya kulisugua, mikono imezama kwenye povu, aliposikia bangili zikilia upande wa barabarani. Alizijua. Zilikuwa za Sinyati wa Nainokanoka, kule juu Ngorongoro, rafiki yake wa miaka mingi. Zamani Sinyati aliwauzia maziwa wafanyakazi wa hotelini, na Martini ndiye aliyewakutanisha, kwa kuleta nyumbani kibuyu chake siku moja na kusahau kukirudisha. Siku za mnada Sinyati hushuka Karatu kununua unga, hulala kwa mwanawe Lengai mjini, na hapiti bila kufika kwa Antonia.

"Takwenya," Antonia alimsalimia kwa Kimasai, kama walivyozoeana.

"Iko," Sinyati aliitikia, akatua kibuyu chake kwenye kibaraza. Alivuta pumzi ndefu, akatabasamu na meno yake machache. "Mama Penina, nyumba yako leo inanukia kama arusi." Kisha akaona beseni. Tabasamu likaondoka. "Hiyo nguo si ya Martini?"

"Ilikuwa imeota ukungu. Na ilikuwa imeshaisha harufu yake."

"Nani amesema imeisha?" Sinyati alisogea, akainama juu ya povu. "Mwezi uliopita nimekuja, wewe umefungua sanduku unanionyesha. Mimi nimesikia yeye mpaka mlangoni. Tumbaku. Moshi ya boma. Na mafuta ya kondoo, kwa sababu alikuwa anakula kwetu halafu anafuta mikono kwa hiyo koti, mimi namgombeza."

Mikono ya Antonia ilisimama ndani ya maji. Maji yenyewe yalikuwa yamegeuka kahawia. Alitazama ile rangi, udongo wa miaka yote ya Martini. Kumbe alikuwemo. Muda wote huu Martini alikuwemo mule sandukuni, akimsubiri, na ni yeye Antonia aliyekuwa hasikii.

Alikaa chini kwenye tope hapohapo, akamwambia Sinyati kila kitu, mafua, makande, maneno ya Penina. Alikuwa hajamwambia mtu.  Sinyati alikizibua kibuyu chake na kumwekea puani. Kila mwanamke wa kule hukisafisha kibuyu chake kwa kijinga cha mti wa oloirien, na moshi wake hukaa ndani ya maziwa; Antonia aliipenda harufu hiyo kuliko maziwa yenyewe.

"Nusa."

Antonia alinusa. "Hakuna."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mama Lengai."

Sinyati alirudisha kifuniko taratibu. "Mwambie mtoto."

"Nikimwambia atanichukua."

"Sasa wewe usiposema, nguo itasema," Sinyati alijibu. "Atafungua, atanusa sabuni. Utamwambia nini? Ni Martini amejifua?"

Hata katika hali ile Antonia alicheka, na machozi yakamtoka katika kicheko hichohicho. Walilikamua koti wote wawili, kila mmoja upande wake, wakalizungusha kama kamba mpaka mikono ikatetemeka. Kamba ya barazani ilikuwa inaonekana barabarani, kwa hiyo wakalianika kwenye ile ya nyuma, juu kabisa ya Mchelewaji, mikono ya koti ikigusa matawi. Lilikuwa zito. Lilitiririka maji mchana kutwa.

Usiku huo Mchelewaji alichanua, maana vijiua vilikuwa vimefunguka Antonia alipomulika kwa simu kuona kama koti limeanza kukauka. Halikuwa limekauka.

Penina alifika Jumamosi saa za chai, nyuma ya bodaboda, amevaa buti za mpira na amebeba mikate ya Arusha kwenye mfuko uliofungwa mara mbili. Alikuwa mwanamke wa makamo sasa, mwenye kazi ya kupanga safari za wageni na simu isiyopumzika, lakini aliposhuka tu alisimama katikati ya njia, akafumba macho na kuinua uso, na Antonia akamwona yule wa miaka sita.

"Shikamoo mama. Mama jamani, hii harufu. Nimeanza kuisikia hata hatujafika kanisani."

"Marahaba mwanangu. Eeh, wamechanua wote."

Angenyamaza hapo, ingekuwa salama. Lakini mtu mwenye siri hatosheki na uongo mdogo, huongeza mwingine juu yake ili ule wa kwanza usianguke. Antonia alitaka binti yake asiwe na shaka hata chembe. Akavuta pumzi kwa mbwembwe, akatikisa kichwa kama mtu aliyelewa.

"Na huyu Mchelewaji ndio kapita kiasi leo. Ananukia tangu asubuhi mpaka kichwa kinauma."

Alijisikia akisema. Neno likishatoka halirudi, na hili lilikaa pale njiani kati yao, kwenye jua la saa nne. Penina alifumbua macho. Alimtazama mama yake, akatazama upande wa nyuma ya nyumba, akamtazama mama yake tena.

"Ananukia sasa hivi?" aliuliza kwa upole.

"Kidogo," Antonia alisema. "Ingia ndani, chai inapoa."

Penina aliingia ndani, lakini hakwenda kwenye chai. Antonia alisikia mlango wa chumbani, akasikia sanduku likiburuzwa sakafuni na bawaba zenye kutu zikilia. Sanduku lilikuwa tupu. 

Penina alipotoka alikuwa ameushika mlango. "Mama, koti la baba liko wapi?"

Antonia alikuwa ameandaa maneno, ukungu, bati, maji, mpangilio mzuri tu. Yote yalimkimbia. "Nimelifua," alisema. "Nimelifua mwanangu, kwa sababu nilidhani limeisha harufu. Halikuwa limeisha. Ni mimi. Sisikii harufu ya kitu chochote tangu Julai. Yale makande sikusinzia. Nilikuwa macho kabisa."

  Penina alishuka ngazi za nyuma, akapita chini ya kamba bila kuligusa lile koti lililokuwa bado na unyevu, akaenda kusimama katikati ya mikahawa akiwa ameipa nyumba mgongo. Maua meupe yalimdondokea nyweleni. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba, akachukua sufuria na kupika ugali na mboga mwenyewe, na Antonia aliponyoosha mkono kusogeza kuni, Penina aliuondoa ule mkono taratibu.

"Kaa tu mama."

Antonia alikaa. Alikaa kwenye kiti cha wageni, ndani ya jiko lake mwenyewe, mikono mapajani, na hapo akajua Arusha imeshaanza. Walikula wakiongelea misa ya kesho na bei ya mbolea.

Alasiri aliingia chumbani akavuta begi. Hakuambiwa afunge begi. Alilifunga kwa sababu aliona hana tena uso wa kubisha. Alitia vitenge vyake viwili vya maana, rozari, dawa za presha, na picha ya Martini akiwa amesimama mbele ya waridi za hoteli na ukungu nyuma yake. Alitazama kuona kama kuna kitu kingine cha nyumba hii kinachoweza kuingia kwenye begi. Hakikuwepo. Alifikiria kuhusu kijiti cha Mchelewaji, akifunge kwenye gazeti bichi. Kisha akajiuliza angekichomeka wapi kwenye zile marumaru, na angejuaje kama kimeota na kunukia, akaacha.

Jua lilianza kuzama nyuma ya vilima na baridi ikateremka. Penina alikuwa amesimama mlango wa nyuma.

"Ngoja nilianue kabla ya umande," alisema, bila kumwangalia. "Kesho nilikuwa nataka kulivaa kanisani."

"Litakuwa halijakauka vizuri kwapani."

"Nitalivaa hivyohivyo."

Antonia alimfuata mpaka ngazini, si zaidi. Giza lilikuwa limeshika chini ya miti, juu bado kulikuwa na weupe. Alimwona binti yake akifika kwenye kamba, akitoa vibanio kimoja kimoja, akilipokea koti mikononi kwa uzito wake wote. Aliona akisita. Akaona akiliinua taratibu na kutia uso ndani, pale begani, kwa mazoea ya miaka miwili, na Antonia akageuza macho pembeni kwa sababu hakutaka kuona uso wa mtoto anayenusa sabuni.

"Mama." Sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Mama, njoo hapa."

Alikwenda. Matope yalikuwa yanateleza, akashika matawi ya mikahawa njia nzima.

"Ni Ijumaa," Penina alisema.

"Leo Jumamosi, mwanangu."

"Hapana. Nasema ni harufu ya Ijumaa. Hivi ndivyo alivyokuwa ananukia."

Antonia alitikisa kichwa. Hakutaka kuonewa huruma, hasa katika jambo hili. "Penina, usinifanyie hivyo. Baba yako alikuwa ananukia tumbaku. Tumbaku na moshi na, Mama Lengai anasema, mafuta ya kondoo. Yote yameondoka na maji, niliyaona yakiondoka."

"Hiyo ni yako wewe," Penina alisema. "Wewe ulikuwa unampokea ndani, ameshavua koti. Mimi nilikuwa nampokea hapa. Umesahau? Nilikuwa nakaa pale kwenye jiwe mpaka unanigombeza, nasubiri kusikia mlango wa uzio. Alikuwa anapita hapa katikati ya Mchelewaji, matawi yanamfuta mabegani, ananinyanyua, na uso wangu unakuja hapa." Aliligusa bega la koti, lilelile lililokuwa limelowa. "Hapa. Miaka yote ile. Sandukuni mle nilikuwa naitafuta harufu hii, sijawahi kuipata sawasawa. Nilikuwa napata tumbaku. Nalia tu, kwa kuwa ni ya kwake, lakini siyo hii."

Antonia alilichukua koti. Alilileta puani, kwa mazoea. Lilikuwa la baridi, lenye unyevunyevu, na hapakuwa na kitu kingine. Hakuwa na njia yoyote ya kujua kama anaambiwa ukweli au anabembelezwa. Basi akafanya lile ambalo lilikuwa limebaki kwake: akainua macho akamtazama binti yake. Penina alikuwa amesimama katikati ya kichaka, vijiua vimefunguka pande zote, kidevu juu, macho yamefumbwa nusu, mdomo umeachia kidogo. Uso ule Antonia aliujua. Ulikuwa uso wa mtoto aliyesikia komeo la mlango wa uzio likiinuliwa. Mtu mzima hawezi kuuigiza uso ule, hata kwa kumpenda mama yake.

Martini alikuwa amefika. Amechelewa kama kawaida yake, ila amefika. Antonia akaanza kulia, na safari hii alilia kwa raha.

"Begi nimeshafunga," alisema alipoweza. "Hata leo ukitaka, twende. Sitabisha."

"Kalifungue."

"Na jiko?"

"Jiko tutalitoa nje, tulijengee kibanda, na hutapika bila kukaa mbele ya sufuria yako. Inosenti tutamwambia ukweli kesho baada ya misa, ili ajue ananusa kwa niaba ya nyumba mbili. Na wiki ijayo tunakwenda hospitali waiangalie hiyo pua." Penina alimvika mama yake lile koti mabegani, likamfika magotini. Akalisogeza jiwe la zamani kwa mguu, akalifuta matope kwa kiganja. "Sasa kaa hapa mama. Mchelewaji ndiyo kwanza anaanza."

Antonia alikaa. Aliingiza mikono kwenye ile mifuko mikubwa, na kwenye pembe ya mmoja vidole vyake vikakuta punje za udongo ambazo maji hayakuzifikia.

"Anaanzaje?" aliuliza.

Penina alivuta pumzi ndefu, akaanza kumweleza.